UCHAMBUZI: Pengo linalomnyamazisha mtoto darasani Magadi

MWALIMU yeyote aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa anamfahamu mwanafunzi huyu. Akicheka, mkono hupanda mdomoni kabla kicheko hakijatoka. Akiulizwa swali, hujibu akiwa ameinamisha kichwa. Akiitwa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, ghafla anaumwa na tumbo, au kitabu kimesahaulika nyumbani. Katika ripoti ya mwisho wa muhula mwalimu huandika kwamba mtoto ana haya, au kwamba ana adabu ila hashiriki. Ni nadra mno kuandikwa kwamba mtoto huyo alivunjika jino la mbele miaka miwili iliyopita na hajawahi kupelekwa kwa daktari.

Jambo hili huonekana dogo. Katika Kaunti ya Kajiado, ambako ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliwaacha wafugaji wengi na mizoga badala ya ng'ombe, na ambako mzazi wa Magadi huamka akiwaza maji yatapatikana wapi, jino lililokatika nusu haliwezi kupanda juu ya orodha ya shida za familia. Halimuui mtoto. Baada ya siku chache huenda hata lisimuume. Hapo ndipo linapopotelea, kwa sababu idara zetu za afya na elimu zimezoea kuhesabu maradhi yanayoua na yanayouma. Yale yanayomfanya mtoto afumbe mdomo hayana safu katika daftari lolote.

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao bilioni moja duniani wamewahi kuumia meno kwa kuanguka, kugongwa au ajali nyingine, na kwamba miongoni mwa watoto wa hadi umri wa miaka 12 kiwango hicho ni takriban asilimia 20. Kwa hesabu ya kawaida, katika darasa la wanafunzi 50, kumi wamewahi kuumia. Hizo si takwimu za Magadi, ni za dunia nzima. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba mtoto wa Magadi huanguka kwa upole zaidi kuliko wenzake.

Meno yanayoumia mara nyingi zaidi ni yale mawili ya juu, ya katikati kabisa. Ndiyo yanayotangulia kukutana na jiwe, goti la mchezaji mwenzake au ukingo wa dawati. Meno hayo ya utu uzima huota mtoto akiwa na umri wa miaka saba au minane, na mizizi yake hukomaa miaka kama mitatu baadaye. Hicho ndicho kipindi ambacho mtoto hakai kitako: anakimbizana, anapanda miti, anasukumana kwenye foleni ya chakula. Wavulana huumia zaidi ya wasichana, na wale ambao meno yao ya juu yamechomoza kiasi kwamba midomo haiyafuniki wamo hatarini zaidi.

Sasa mweke mtoto huyo Magadi. Mji huo umelala kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kando ya ziwa la magadi ambalo limechimbwa kibiashara tangu kampuni ya kwanza ilipoundwa mwaka 1911. Reli ya kutoka Konza ilijengwa kwa ajili ya magadi hayo, si kwa ajili ya watu. Joto ni kali, mvua ni haba, na ardhi inayozunguka mji ni ya mawe ya volkano yenye makali. Uwanja wa shule wenye nyasi ni ndoto. Mtoto anayeteleza akifukuza mpira wa makaratasi hapokewi na udongo laini. Anapokewa na jiwe. Nje ya shule kuna punda wa kubebea maji, kuna mbuzi wa kuchungwa kwenye miteremko ya mawe, na siku hizi kuna pikipiki inayobeba wanafunzi watatu au wanne kwa safari moja bila kofia hata ya dereva.

Kitengela ni ulimwengu mwingine ndani ya kaunti hiyo hiyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 150,000 katika mji huo, kati ya wakazi 1,117,840 wa kaunti nzima. Huko mawe yamegeuka saruji. Shule nyingi za binafsi zimejibana katika viwanja vya ploti moja au mbili, ngazi ni za zege na ua ni wa zege, na wakati wa mapumziko mamia ya watoto hutoka kwa pamoja kupitia mlango mmoja. Vijana wakubwa nao wana tabia ya kufungua chupa za soda kwa meno ili kuwaonyesha wadogo zao kwamba wamekomaa. Wadogo huiga.

Kuna chanzo kingine ambacho hakipendezi kutajwa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaitia marufuku hiyo nguvu zaidi. Hata hivyo, kofi halihitaji kiboko. Mtoto akifika na jino lililovunjika na jibu likawa fupi mno, "alianguka", mtu mzima mwenye busara angepaswa kuuliza swali la pili. Mara nyingi la pili haliulizwi, kwa kuwa hata la kwanza liliulizwa kwa pupa.

Jino likishavunjika, ni nini hasa kinachobadilika katika maisha ya mtoto? Watafiti wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka 20, na majibu yao yanafanana kwa kiasi cha kushangaza. Katika mji wa Belo Horizonte nchini Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwalinganisha watoto wa miaka 12 hadi 14 waliokuwa na meno yaliyovunjika bila kutibiwa na wenzao waliokuwa na meno mazima. Wale wa kundi la kwanza walilalamika zaidi kuhusu kula na kufurahia chakula, kusafisha meno, kutabasamu na kucheka bila aibu, kutulia bila kukasirika ovyo, na kufurahia kuwa pamoja na watu. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba ni mambo mawili ya mwanzo tu yanayohusu kinywa kama kinywa. Yaliyobaki yanahusu nafsi ya mtoto na nafasi yake kati ya watu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, dodoso la aina hiyo lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa Dar es Salaam, katika wilaya za Kinondoni na Temeke, kwa wanafunzi 1,601 wa shule za msingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Faida kubwa ya kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni kuthibitisha kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kueleza kwa lugha yake mwenyewe jinsi kinywa chake kinavyomkwaza katika shughuli za kila siku, na maelezo yake yakategemewa. Tulizoea kumwuliza mzazi, au kumtazama mtoto mdomoni na kuamua kwa niaba yake. Dodoso hilo lipo, kwa Kiswahili sanifu ambacho mwanafunzi wa Kitengela angekielewa bila mkalimani.

Ipo pia athari ya lugha, na hapa naomba msomaji aniwie radhi kwa kuwa nimeishi kwa kazi ya maneno. Tamka neno "fedha" taratibu. Sauti ya kwanza hutoka meno ya juu yanapogusa mdomo wa chini. Sauti ya tatu hutoka ncha ya ulimi inapojipenyeza kwenye meno. Mtoto aliyepoteza meno mawili ya juu atasikika akitamka neno hilo kwa upepo mtupu. Vivyo hivyo "thamani", "fahamu", "vifaa", "dharau". Ongeza Kiingereza, ambacho kimejaa sauti hizo, kisha umkumbuke mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kimaa na ambaye anajifunza lugha zote mbili shuleni kwa wakati mmoja. Amekwisha kuchekwa kwa lafudhi. Sasa anachekwa kwa pengo.

Katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, mtoto kama huyo angeweza kujificha nyuma ya karatasi ya mtihani. Aliyenyamaza darasani mwaka mzima angeweza kuibuka na alama za juu katika KCPE. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umeondoa maficho hayo. Mawasiliano na ushirikiano ni miongoni mwa umilisi wa kimsingi unaotathminiwa. Mwanafunzi anatakiwa asimame, awasilishe kazi, aigize, aimbe, azungumze katika kikundi. Sina ugomvi na lengo hilo. Ila mwalimu anapomwekea mwanafunzi alama ya chini katika stadi ya kuzungumza, ni vyema ajue kama anapima ulimi au anapima pengo.

Majina ya utani nayo hayasahauliki. "Mapengo", "Kibogoyo" na mengine ambayo watoto huyabuni kwa kipaji cha kutisha. Nilisoma na kijana mmoja aliyevunjika jino tukiwa darasa la nne, alipojikwaa akibeba dumu la maji. Alikuwa ndiye msomaji wetu bora wa ngano. Baada ya hapo mwalimu wetu, mtu mwema katika mambo mengine mengi, alizoea kusema "tumpe mwenye meno asome", na darasa zima lilicheka, mimi nikiwemo. Tulipofika darasa la saba hakuna aliyekumbuka kwamba kijana yule aliwahi kusoma mbele ya watu. Nilimwona kwenye mazishi miaka michache iliyopita, mtu mzima mwenye wajukuu. Bado hujifunika mdomo anapocheka.

Kuna jambo la kuzingatiwa hapa kuhusu jicho la anayetazama. Kiswahili kina maneno mawili tofauti kwa uwazi ulio kati ya meno. Mwanya ni uwazi wa kuzaliwa nao kati ya meno mawili ya juu, na watu wa pwani wamekuwa wakiusifu kama pambo la uzuri. Pengo ni mahali jino lilipokuwa. La kwanza husifiwa, la pili huchekwa, na tofauti kati yake huenda ikawa milimita chache tu.

Kwa Wamaasai hali ni ya kuvutia zaidi. Kwa vizazi vingi watoto wao waling'olewa meno mawili ya chini ya katikati, na pengo hilo la chini halikuwa aibu bali alama ya kuwa mwenzao. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, ambaye taya zake zimekaza, angeweza kunyweshwa maziwa au dawa kupitia uwazi huo. Tangu mpango wa taifa wa chanjo ulipoanza mwaka 1980 na chanjo ya pepopunda kuwafikia watoto wachanga, sababu hiyo imepungua uzito, na desturi yenyewe inafifia hasa katika miji. Lakini fikiria darasa la Kitengela leo, lenye watoto wa makabila kumi. Mzee aliyemleta mjukuu wake shuleni ana pengo la chini analolivaa kwa heshima. Mjukuu ana jino la juu lililovunjika kwa bahati mbaya, na amejazwa aibu. Vinywa viwili vya familia moja, na kinachovitenganisha ni nani anayevitazama.

Sitaki nieleweke kwamba naitetea desturi ya kuwang'oa watoto meno. Nyingine katika jamii hiyo, ya kuchimbua fizi za watoto wachanga ili kutoa vichipukizi vya meno ya chonge vinavyodhaniwa kuleta homa na kuhara, ina madhara yaliyothibitishwa, yakiwemo kuharibu meno ya utu uzima yanayofuata na ya jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta desturi hiyo imeenea mno miongoni mwa watoto wa Kimaasai vijijini. Ninachosema ni kwamba aibu ya jino lililovunjika haitoki katika jino. Hufundishwa, na shule ni mojawapo ya mahali inapofundishwa.

Magadi ina mzigo wa ziada ambao Brazil haikuuhesabu. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiasi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango kinachopendekezwa na WHO kwa maji ya kunywa hakipaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiwango hicho kwa muda mrefu meno yanapojijenga ndani ya ufizi huota meno yenye madoa meupe, kisha ya kahawia. Katika hali mbaya gamba la nje la jino huwa na vinyweleo, hulegea na kumeguka hata bila kuanguka. Jino la namna hiyo likigongwa, halina ukaidi wa jino zima. Magadi yenyewe, ambayo akina mama hutia kwenye maharagwe na mahindi ili yaive upesi, nayo huweza kuongeza floraidi hiyo kwenye chakula.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, katika wilaya za Monduli na Longido nchini Tanzania, watafiti waliwachunguza vijana 989 wa shule za msingi katika maeneo ya Wamaasai na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Karibu nusu walikuwa na madhara makubwa ya floraidi kwenye meno. Waliooza meno walikuwa wachache, chini ya mmoja kati ya kumi. Longido na Kajiado ni ardhi moja iliyokatwa na mstari wa ramani. Kwa hivyo, mtoto wa Magadi aliyevunjika jino mara nyingi huwa na kinywa ambacho tayari kilikuwa kimeanza kutazamwa. Wenzake wenye madoa hawamcheki kwa madoa, kwa kuwa wote wanayo. Wanamcheka kwa kilichomtenga nao. Akihamia shule ya bweni Nairobi au Machakos, atachekwa kwa yote mawili.

Tofauti ni kwamba madoa ya floraidi yanahitaji maji mapya, mabomba na miaka. Mitambo ya kuchuja kwa makaa ya mifupa iliyojaribiwa Nakuru inaonyesha kwamba inawezekana, lakini si kazi ya wiki moja. Jino lililovunjika ni kazi ya siku moja. Daktari wa meno, au afisa wa afya ya kinywa aliyehitimu, akiwa na taa, kiti na mchanganyiko maalumu wenye rangi ya jino, huweza kulijenga tena kwa muda usiozidi saa moja ikiwa kiini cha jino hakijaguswa. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na utafiti mwingine wa Brazil wa mwaka 2007 unawaunga mkono kwa kiasi fulani: vijana waliokwisha kutibiwa bado waliripoti aibu zaidi ya wale ambao hawajawahi kuumia. Lakini ikilinganishwa na kuachwa bila matibabu, jino la kujengwa lina nafuu ambayo mwenye pengo hawezi kuidharau.

Nayo gharama ya kuchelewa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jino lililokatika na kuacha kuuma huenda limeacha kuuma kwa sababu neva yake imekufa. Miezi baadaye hugeuka rangi ya majivu. Baada ya muda usaha hujikusanya kwenye mzizi na uso kuvimba, kwa kawaida wiki ya mitihani, kama kwamba maradhi yana kalenda. Wakati huo matibabu ya kujaza yamepitwa, na kinachobaki ni kusafisha mzizi, kazi ya gharama na ya kurudi mara kwa mara, au kung'oa. Magadi mara nyingi jibu ni kung'oa.

Je, serikali iko wapi? Mwaka 2018 ulianzishwa mpango wa bima wa EduAfya kupitia NHIF, uliowagharamia wanafunzi wa shule za upili za umma, matibabu ya meno yakiwemo. Ulikuwa na kasoro zake, na kubwa zaidi kwa mada yetu ni kwamba uliwaacha nje wanafunzi wa shule za msingi, yaani wale hasa ambao meno ya mbele huvunjika wakiwa na umri wao. Mtoto alihitaji kusubiri miaka sita akiwa na pengo ili afikie kidato cha kwanza. Mpango huo nao ulikoma mwishoni mwa 2023. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na mtoto hutibiwa kama mtegemezi wa mzazi aliyejisajili na kulipa mchango. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mfugaji aliyepoteza kundi lake katika ukame hukadiriwa uwezo wake, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, unaotakiwa kulipwa kwa mwaka mzima.

Hata mchango ukilipwa, umbali hauondoki. Kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa karibu kilomita 22,000 za mraba. Madaktari wa meno nchini wamejazana mijini, na ndani ya Kajiado kliniki zimefuata barabara ya Namanga na vitongoji vinavyoelekea Nairobi: Kitengela, Ngong, Ongata Rongai. Kutoka Magadi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda bonde kupitia Olorgesailie na Kiserian. Mzazi anayeamua kumpeleka mtoto hupoteza siku nzima ya kazi na nauli ya watu wawili. Wa Kitengela anapita mbele ya vibao vya kliniki vinne akienda sokoni, lakini bei iliyobandikwa dirishani ina maana ileile kwake na kwa mwenzake wa Magadi: rudi nyumbani. Hivyo wawili hao, mmoja aliye mbali na kliniki na mwingine anayeishi mkabala nayo, wanawalea watoto wanaojifunika mdomo vilevile.

Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC) kimekuwa kikiwafunza maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, watu waliotayarishwa kwa ajili ya zahanati na shule, si kwa majumba ya kifahari. Kaunti, ambazo zimeshika usimamizi wa afya tangu ugatuzi ulipoanza 2013, ndizo zenye uwezo wa kuwaajiri. Afisa mmoja mwenye gari na kiti cha kukunjwa akizuru shule za Kajiado Magharibi mara moja kwa muhula angeyakuta meno yaliyovunjika yakiwa bado hai. Bunge la kaunti linapojadili bajeti, wajumbe hupigania zahanati mpya kwa sababu jengo huonekana na hufunguliwa kwa utepe. Afisa wa meno hafunguliwi kwa utepe.

Lakini yapo ambayo hayangoji bajeti. Nilipokuwa nikiandaa makala haya nilimuuliza mwalimu mkuu mmoja wa Kajiado, ambaye sitamtaja kwa kuwa wengi wangejibu kama yeye, afanye nini mwanafunzi aking'oka jino la mbele uwanjani. Alisema atampa maji ya chumvi asukutue, atamfuta damu, kisha atampigia mzazi simu. "Na jino?" Alisita. "Jino si limeshang'oka?"

Madaktari wanasema jino la utu uzima lililong'oka lote laweza kurudishwa na likashika. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa upya mwaka 2020 unaeleza hatua zenyewe: jino litafutwe mara moja, lishikwe upande wa juu unaoonekana mdomoni na si kwenye mzizi, lioshwe kwa muda mfupi bila kusuguliwa, kisha lirudishwe papo hapo kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa huku akikimbizwa kwa daktari. Ikishindikana kulirudisha, litiwe ndani ya maziwa. Si maji, kwa kuwa maji huua chembe hai zilizoshika mzizi. Chembe hizo zikikaa nje zikiwa kavu kwa muda wa saa moja, matumaini ya jino kudumu huwa madogo sana. Jino la utotoni halirudishwi. Na kipande kilichokatika nacho kihifadhiwe, kwa kuwa daktari anaweza kukibandika tena.

Maziwa! Katika nchi ambayo hospitali iko mbali, daktari ni adimu na dawa huisha, kifaa cha kwanza cha kuokoa jino ndicho chakula ambacho Mmaasai amekiweka kwenye kibuyu tangu enzi. Ni kweli kwamba katika miaka ya ukame vibuyu vilikauka, na kwamba saa moja haitoshi kumfikisha mtoto wa Magadi Nairobi. Ndiyo maana mwongozo unamtaka mtu aliye karibu, mwalimu au mama wa jikoni, alirudishe jino mwenyewe pale pale. Hahitaji cheti. Anahitaji kuwa aliambiwa siku moja, kabla ya ajali. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulifika mikononi mwa walimu wakuu kote nchini, na mabango ya moto, ya uokoaji na ya kunawa mikono yamebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi nilizowahi kuingia. Bango la jino sijaliona.

Sisi wa magazeti pia tuna letu. Kwa miaka mingi nimeketi kwenye meza ya kuhariri na kupitisha picha za watoto wenye mapengo wakicheka, kwa sababu picha hizo humfurahisha msomaji. Mtoto wa miaka sita anayebadilisha meno ni mzuri kweli, na meno yake yanakuja. Mwenye umri wa miaka 12 ni jambo jingine, na nakiri kwamba sikuwa nikiuliza umri. Mara moja mpiga picha wetu alirudi kutoka Magadi na picha ya darasa zima likishangilia ugeni. Kila mtoto alikuwa amefungua kinywa, isipokuwa msichana mmoja wa mstari wa pili aliyekuwa amefunika chake kwa daftari. Tulimkata ili picha ienee safu tatu.

Shule za Magadi hupumzika saa nne asubuhi. Wanafunzi hutoka mbio kuelekea uwanja wa mawe, na katika chumba cha walimu birika la chai huwa tayari mezani, kando yake jagi la maziwa.